Lugha ya Michoro ya Bei: Mafuta, Dhahabu na Fedha

Makusudi ya makala haya ni kuitazama lugha inayotumiwa na watu wasomao michoro ya bei, khususan bei za mafuta ghafi, dhahabu na fedha, na kupendekeza namna ya kuyasema mambo hayo kwa Kiswahili sanifu bila ya kuyaongezea wala kuyapunguzia maana. Yamkini msomaji atashangaa kuliona jambo la soko katika kurasa za wataalamu wa lugha. Sababu yake ni hii ifuatayo.

Mwaka uliopita alinijia kijana mmoja niliyewahi kumfundisha, naye amechukua karatasi kumi na mbili alizozitafsiri. Zilikuwa masomo ya kuwafunza vijana kusoma michoro ili wanunue na kuuza dhahabu na mafuta kwa njia ya simu. Akaniambia, "Mwalimu, nisahihishie Kiswahili tu, hesabu ziache." Sarufi yake ilikuwa safi. Lakini karibu kila sentensi iliyohusu siku zijazo ilikuwa na kiambishi -ta-: bei ikigusa mstari huu itapanda, ikiukata mstari ule itashuka. Nilipozilinganisha na asili, nikaona kwamba asili ilikuwa na maneno ya kupunguza nguvu ya usemi, yenye maana ya aghalabu, au pengine, au yaelekea. Mfasiri aliyaacha kwa kuona yanarefusha sentensi. Nilipomwuliza kama ameona tofauti yoyote, alinyamaza kidogo, kisha akakiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameweka akiba ya miezi minane katika dhahabu kwa kuziamini sentensi alizoziandika kwa mkono wake, na nusu ya akiba hiyo ilikuwa imekwisha kupotea.

Basi hapa pana swali la sarufi lenye gharama: mtu asomaye mchoro wa bei ana haki ya kutumia kiambishi gani cha wakati? Kabla ya kulijibu, hatuna budi kujua mchoro wenyewe ni kitu gani, na sehemu zake tuziiteje.

I. Mchoro na sehemu zake

Mchoro wa bei ni picha ya mambo mawili: wakati, ambao huchorwa kutoka kushoto kwenda kulia, na bei, ambayo huchorwa kutoka chini kwenda juu. Mmoja wa waanzilishi wa ufundi wa kuonyesha biashara kwa mistari alikuwa William Playfair, ambaye mwaka 1786 alichapisha huko London kitabu chenye michoro ya bidhaa zilizoingia Uingereza na zilizotoka. Japani nayo ilikuwa na njia yake. Soko la mchele la Dojima, katika mji wa Osaka, lilikubaliwa rasmi na watawala mwaka 1730. Na mapokeo humtaja Homma Munehisa wa Sakata, mfanya biashara wa mchele wa karne ya 18, kuwa ndiye asili ya mchoro wa mishumaa.

Katika mchoro huo kila siku ina mshumaa wake. Mwili wa mshumaa huanza kwenye bei ya kufungulia soko na kuishia kwenye bei ya kufungia. Bei ya kufungia ikiwa juu kuliko ya kufungulia, mwili huachwa mweupe. Ikiwa chini, hutiwa weusi. Mstari mwembamba unaotokeza juu na chini ya mwili huonyesha bei ya juu kabisa na ya chini kabisa zilizofikiwa siku ile. Wajapani huuita mchoro huu kwa jina lenye maana ya mguu wa mshumaa. Kwa Kiswahili yatosha kusema mshumaa, mwili na utambi, maana maneno haya matatu yafahamika na kila mtu.

Zaidi ya mishumaa, wasomaji huchora mstari wa wastani, mathalan wastani wa siku 200, ambao kila siku huingiza bei mpya na kuiacha ile ya kale kabisa. Wengine hutumia kipimo kilichotolewa na J. Welles Wilder mwaka 1978, chenye kwenda kutoka 0 mpaka 100. Kipimo kikizidi 70, husemwa kwamba bidhaa "imenunuliwa kupita kiasi". Hapa mtaalamu wa lugha aangalie. Kupita kiasi ni hukumu, na hukumu hudai mtu aliyekiweka kiasi. Kipimo cha Wilder chalinganisha tu ukubwa wa siku za kupanda na ukubwa wa siku za kushuka. Ni bora kusema "imepanda kwa kasi", ambayo ndiyo habari yenyewe.

Neno moja lahitaji hadhari tangu mwanzo, nalo ni fedha. Katika Kiswahili fedha ni madini, na fedha ni mali ya kununulia vitu. Katika makala ya soko maana hizi mbili hugongana katika sentensi moja. Mimi nitatumia fedha kwa madini peke yake, na mali ya kununulia nitaiita pesa.

II. Kizingiti

Maneno mawili ndiyo msingi wa elimu hii nzima. La kwanza ni kiwango ambacho bei ikishuka hadi hapo yaonekana kukataa kushuka zaidi. La pili ni kiwango ambacho bei ikipanda hadi hapo yaonekana kukataa kupanda zaidi. Wako wanaotafsiri la kwanza kwa usaidizi na la pili kwa upinzani. Tafsiri hizi hazifai. Usaidizi wataka msaidizi, na upinzani kwa masikio ya leo ni jambo la vyama na bunge. Wengine husema sakafu na dari. Hizi ni bora zaidi, lakini sakafu ikivunjika nyumba imeharibika, ilhali katika soko kuvukwa kwa kiwango ni jambo la kawaida.

Napendekeza neno kizingiti. Mlango una vizingiti viwili, cha juu na cha chini, na vyote viwili huitwa kwa jina hilo moja. Kizingiti huzuia kidogo, lakini kiliwekwa mahali pa kupita. Tena wasomaji wa michoro wana kanuni yao, kwamba kizingiti cha juu kikishavukwa hugeuka kuwa cha chini. Kwa neno kizingiti kanuni hii husemeka bila taabu, kwa kuwa jina halibadiliki, hubadilika mahali tu.

Mfano mzuri ni fedha na dola 50 kwa wakia. Mwezi wa Januari 1980 bei ya fedha ilikaribia dola 50, ikaanguka. Mwezi wa Aprili 2011, yaani baada ya miaka 31, iliikaribia tena, ikaanguka tena. Mwezi wa Oktoba 2025 ikaivuka. Kwa kanuni ile tuliyoitaja, dola 50 ingalipaswa kuwa kizingiti cha chini. Lakini mwezi huo huo bei ilirudi chini yake, na kabla ya mwaka kwisha ikapanda tena juu yake. Kanuni ilipata nusu, ikakosa nusu.

Na kuna jambo jingine ambalo mchoro hausemi. Dola 50 za mwaka 1980 zilinunua vitu vingi kuliko dola 50 za mwaka 2011. Jina ni lile lile, kitu kimebadilika. Jambo hili wanafunzi wa historia ya maneno wanalijua sana. Kwa nini basi watu walisimama mahali pale pale? Kwa sababu waliikumbuka namba. Kizingiti hukaa katika kumbukumbu za watu, kama maana ya neno ikaavyo katika makubaliano ya wasemao, wala hakidumu zaidi ya makubaliano hayo.

III. Kupanda na kupandishwa

Kiswahili chatofautisha waziwazi kupanda, kupandisha na kupandishwa. Tukisema bei ilipanda, hatukumtaja mtu. Tukisema bei ilipandishwa, tumekwisha kukiri kwamba yuko aliyeipandisha, hata kama hatumtaji. Mchoro hauna mnyambuliko huu. Mstari unaokwenda juu ni mmoja tu, bei ikiwa imepanda au imepandishwa.

Turudi kwenye fedha ya mwaka 1980. Mwanzoni mwa mwaka 1979 wakia moja iliuzwa kwa dola 6 hivi; mwaka mmoja baadaye ilikaribia 50. Ndugu wawili wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, pamoja na washirika wao, walikuwa wamekusanya fedha nyingi mno na ahadi za kuletewa nyingine, na sehemu kubwa ya ununuzi wao ilikuwa kwa pesa za mkopo. Mwezi wa Januari 1980 wakuu wa soko walibana ununuzi wa mkopo. Bei ikaanza kushuka, na tarehe 27 Machi 1980 ikafika chini ya dola 11. Msomaji wa mchoro aliyeona mstari ule Desemba 1979 aliona kupanda kwenye nguvu. Kitenzi sahihi kilikuwa kupandishwa, nacho hakikuwamo katika mchoro. Kilikuwa katika mikataba na katika madaftari ya wakopeshaji.

Kwa ajili hii, mwandishi asiipe bei vitenzi vya nia. Twasoma siku hizi kwamba bei "inajaribu" kuvuka, "inatafuta" njia, "imekataa" kushuka. Mshairi ana ruhusa ya kusema hivyo. Lakini katika maelezo ya kitaalamu, bei haina nia. Wenye nia ni wanunuzi na wauzaji, na mchoro hauwaonyeshi.

IV. Bahari na soko

Sasa tufike kwenye kiambishi. Mmarekani Charles Dow, aliyezaliwa 1851 na kufa 1902, ndiye ambaye mawazo yake yalifanywa msingi wa usomaji wa michoro katika nchi za Magharibi. Yeye na wenzake wawili walianzisha kampuni ya Dow Jones mwaka 1882 na gazeti la Wall Street Journal mwaka 1889. Katika makala yake moja ya mwaka 1901 alilifananisha soko na bahari. Alisema kwamba mtu anayetaka kujua maji yamejaa hadi wapi, na achomeke kijiti mchangani pale wimbi linapofika. Na pale ambapo mawimbi hayakifikii tena kijiti, ajue kwamba maji yameanza kupwa. Wafuasi wake wakaendeleza mfano huo wakasema kwamba soko lina maji makuu, lina mawimbi, na lina viwimbi vidogo.

Mfano huu waingia kwa urahisi katika masikio ya watu wa pwani, ambao kupwa na kujaa ni saa yao ya kazi. Na kwa kuwa waingia kwa urahisi, waweza kutupotosha. Mvuvi akisema, "Kesho kutwa maji yatajaa sana, ni bamvua," ana haki ya kutumia -ta-. Anauhesabu mwezi, na mwezi haukosi. Kijiti chake mchangani chathibitisha tu jambo alilolijua kwa hesabu nyingine. Soko halina mwezi. Aliyechomeka kijiti katika soko ana kijiti peke yake.

Iko -ta- nyingine iliyo halali, nayo ni ya amri. Katika Tanzania, mamlaka ya nishati na maji hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ikisema kwamba tangu leo petroli haitauzwa kwa zaidi ya kiasi fulani, -ta- hiyo ina nguvu ya sheria nyuma yake. Hivyo tuna -ta- ya mwezi na -ta- ya amri. Msomaji wa michoro hana mwezi wala amri.

Basi asemeje? Kiswahili chamtosheleza kabisa. Tuchukue dhahabu. Kutoka Septemba 2011 bei yake ilishuka mara tatu hadi karibu na dola 1,520 au 1,530 kwa wakia: mara ya kwanza Septemba 2011, ya pili Desemba 2011, ya tatu Mei 2012. Kila mara ilirudi juu. Msomaji wa mwanzo wa Aprili 2013 aliweza kusema mambo matano:

(a) Bei ilishuka hadi dola 1,525, ikapanda.
(b) Bei imekaribia tena kizingiti cha dola 1,525.
(c) Bei ikifika hapo hupanda.
(d) Huenda ikapanda.
(e) Itapanda.

Sentensi (a) ni historia, nayo ni kweli daima. Sentensi (b) ni hali ya sasa; sharti lake ni kwamba tusiseme "imevuka" kabla soko halijafungwa, kwa sababu kabla ya hapo mshumaa haujakamilika, na lililo sahihi ni "inavuka". Sentensi (c) ina kiambishi hu-, ambacho ni cha mazoea; aitumiaye adaiwa kutaja ni mara ngapi, na jibu hapa ni mara tatu tu. Sentensi (d) ni rai ya mwenye tahadhari. Sentensi (e) ni ahadi.

Tarehe 11 Aprili 2013 bei ilikuwa karibu na dola 1,560. Siku ya pili, Ijumaa, ilivuka kizingiti kile kwenda chini na kufungwa chini ya dola 1,500. Jumatatu tarehe 15 ilianguka hadi karibu na dola 1,350. Sentensi (a) ilibaki kweli, na (c) ilibaki kweli kwa habari ya miaka iliyopita. Iliyowatia watu hasara ni (e).

Mfano wa mafuta ni mkali zaidi. Michoro ya mafuta ghafi ilichorwa miaka yote na sifuri chini kabisa, na hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba bei haitashuka chini yake. Ilikuwa -ta- iliyofichwa katika karatasi yenyewe. Mwezi wa Aprili 2020 gonjwa la korona lilikuwa limesimamisha safari za dunia, na matangi ya Cushing, Oklahoma, mahali pa kukabidhiana mafuta ya mkataba wa Marekani, yalikuwa yakijaa. Tarehe 20, siku moja kabla ya mkataba wa Mei kwisha muda, waliokuwa nao na hawana mahali pa kuyaweka mafuta walitafuta wa kuwapokea. Siku ilianza kwa dola 18 hivi kwa pipa. Ilifungwa kwa dola 37 na senti 63 chini ya sifuri. Yaani muuzaji alimlipa mnunuzi amwondolee mzigo. Siku hiyo hiyo mkataba wa Juni ulifungwa juu ya dola 20, na mafuta ya Brent juu ya dola 25. Mstari haukuweza kuonyesha kwamba matangi yamejaa. Nchini China, watu wengi wa kawaida waliokuwa wameweka pesa zao katika mkataba ule kupitia benki walipoteza zaidi ya walichoweka.

V. Ushahidi

Isidhaniwe kwamba nasema usomaji wa michoro ni ramli. Mpiga ramli naye hutia alama na kuzifasiri, lakini alama zake hazihusiani na jambo analoulizwa, ilhali alama za mchoro ni bei zilizolipwa kweli. Wataalamu wa uchumi wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na majibu yao hayakulingana. Alfred Cowles aliwapima watabiri wa soko la hisa la Marekani katika makala ya mwaka 1933, na hakuona ushahidi wa kutosha kwamba waliweza kutabiri. Mwaka 1992 Brock, Lakonishok na LeBaron walizijaribu kanuni nyepesi za wastani na za vizingiti juu ya bei za hisa kutoka 1897 mpaka 1986, wakaona kwamba zilikuwa na habari fulani ndani yake. Wenzao waliozijaribu baadaye kwa bei za miaka iliyofuata hawakuiona faida hiyo. Mwaka 2000 Carol Osler alichunguza vizingiti vilivyotangazwa na makampuni sita katika soko la sarafu, akaona kwamba bei hugeuka penye vizingiti hivyo mara nyingi zaidi kuliko penye namba zilizochaguliwa kwa bahati, ingawa makampuni hayakuwa sawa katika kulenga.

Ushahidi wa namna hii wataka hu- pamoja na idadi. Wataka huenda. Mahali popote hautoshi kwa -ta-.

VI. Pendekezo

Kwa hiyo nawapendekezea wafasiri na waandishi mambo manne. Kwanza, tuseme usomaji wa michoro ya bei, tuuache "uchambuzi wa kiufundi", maana fundi hutegemewa kuwa kazi yake itasimama. Pili, tutumie kizingiti cha juu na kizingiti cha chini. Tatu, tuandike kupanda pale tu ambapo hatuna habari ya aliyepandisha, na tuitafute habari hiyo nje ya mchoro. Nne, kila -ta- katika maelezo ya mchoro iulizwe: ni ya mwezi, au ni ya amri? Ikiwa si ya mwezi wala ya amri, ibadilishwe iwe hu- yenye idadi, au huenda.

Yule kijana niliyemtaja mwanzoni tulikaa naye alasiri mbili, tukazipitia karatasi zote kumi na mbili kwa kanuni hii. Alipozipeleka kwa aliyemtuma, alirudishiwa na kuambiwa kwamba sentensi zimekuwa dhaifu, na kwamba hakuna atakayelipia somo lenye huenda nyingi namna ile. Akakataa kuzibadili. Ujira wake akaukosa.

Mimi siamini kwamba sentensi zile zilikuwa dhaifu. Zilisema kadiri ya ujuzi uliokuwapo. Wenzangu wenye maneno yaliyo bora kuliko haya niliyoyapendekeza, hasa wale wa bandarini na wa migodini wasikiao lugha ya bei kila siku, nawaomba wayalete ili tuyapime pamoja.